Jinsi ya kuomba likizo ndefu kazini bila barua yako kusomeka kama umeacha kazi (mwongozo kamili)

Haya, hili swali limerudi mara nyingi mno na majibu ya mstari mmoja hayasaidii, kwa hiyo leo tunalimaliza hatua kwa hatua.

Unakuta mtu anaomba kukaa nje ya kazi miezi miwili, mitatu, wengine mwaka. Mmoja anajibiwa "tumekubali kujiuzulu kwako". Mwingine anaondoka akidhani karuhusiwa kumbe huku nyuma anaandikwa mtoro. Mwingine mshahara unaingia mwezi wa kwanza anafurahi, mwezi wa pili anaambiwa aurudishe. Ukisoma barua zao sababu ni nzuri kabisa, kuuguza mzazi, masomo, afya, na mabosi wengine wala hawakuwa na roho mbaya. Kilichowaponza ni maneno waliyoandika, au ambayo hawakuandika.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mkataba wa ajira, serikalini au kampuni binafsi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika herufi moja

- Mkataba wako wa ajira na kanuni za wafanyakazi za hapo kazini. Sio za rafiki yako wa kampuni nyingine, zako.
- Idadi ya siku zako za likizo zilizobaki, iliyotoka kwa HR (idara ya rasilimali watu) kwa maandishi. Hesabu ya kichwani haikubaliki.
- Kalenda yenye sikukuu zote.
- Kiambatisho cha sababu yako: cheti cha daktari, barua ya chuo, chochote kinachohusika.
- Orodha ya kila kinachokatwa kwenye mshahara wako: mkopo, bima ya afya, pensheni, chama cha kuweka na kukopa.
- Jina la mtu atakayeshika kazi zako na awe ameshakubali.
- Imeili yako binafsi, kwa sababu ya ofisi inaweza kufungwa ukiwa nje na mawasiliano yote yakabaki humo.

Ukikosa hicho cha kwanza usiendelee, katafute kwanza.

## Hatua ya 1: Ipe likizo yako jina lake

Hapa ndo wengi wanafelia. Wanaandika "naomba muda wa kupumzika" halafu wanamwachia HR aamue ni muda gani huo, na HR akiamua mwenyewe ataamua kwa faida ya ofisi.

Kwanza tenganisha ruhusa na likizo. Ruhusa kwa matumizi ya ofisi nyingi ni saa kadhaa au siku chache, unaenda kuzika, unaenda hospitali, unarudi. Ukiomba "ruhusa ya miezi mitatu" anayesoma anashtuka kabla hajafika kwenye sababu. Vivyo hivyo dharura na udhuru, hayo ni maneno ya siku mbili tatu, huwezi kuwa na dharura uliyoipangia tarehe ya kuanza na ya kuisha. Muda mrefu unaitwa likizo, halafu unaongeza ya nini:

Likizo ya mwaka. Siku zako ulizozifanyia kazi. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki 3 za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi kwa nchi zilizouridhia, na nchi nyingi zina sheria zake zenyewe. Kama zimelimbikizwa andika "malimbikizo ya likizo ya mwaka", ila angalia kanuni kwanza maana sehemu nyingine siku usizotumia zinafutika.

Likizo ya uzazi. Mkataba namba 183 wa shirika hilohilo, wa mwaka 2000, unasema angalau wiki 14. Kwa baba ni likizo ya baba mzazi, na hiyo mara nyingi ni fupi mno kiasi kwamba akitaka kukaa zaidi itabidi aiunganishe na ya mwaka.

Likizo ya ugonjwa. Hii inasimama kwa cheti cha daktari, maelezo yako peke yako hayatoshi. Na tusimame kidogo hapa kwa wale waliochoka na kazi yenyewe, akili imegoma, usingizi hakuna. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu wa kazi uliopitiliza kama hali inayotokana na kazi, halijauita ugonjwa. Kwa hiyo ukiandika "nimechoka sana na kazi" bila kuambatanisha chochote, hiyo haina jina la likizo hata moja. Nenda kwa daktari mweleze dalili zote, akikuta sonona au wasiwasi uliopitiliza au presha ataandika mwenyewe, wewe kwenye barua unaandika tu "kwa ushauri wa daktari". Ugonjwa hulazimiki kuutaja kwa bosi isipokuwa kanuni zenu zinataka, na hata hapo peleka kwa HR kwenye bahasha iliyofungwa.

Likizo ya masomo. Kuna yenye malipo na isiyo na malipo, taja ipi. Waalimu na watafiti wa vyuo vikuu wana sabatiko, hiyo ni kitu kingine, unabaki mtumishi na unatoka na mpango wa utafiti au kitabu, usilitumie hilo neno kama kwenye kanuni zenu halipo eti kwa sababu linasikika vizuri.

Likizo bila malipo. Hii ndo ya kila kitu kilichobaki: kumuuguza mzazi, kumfuata mwenza aliyehamishwa kikazi, kusafiri, kujaribu biashara. Karibu kila mahali inatolewa kwa hiari ya mwajiri, sio haki yako ya moja kwa moja, na hilo litabadilisha hata kitenzi utakachotumia kwenye hatua ya 5.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kumaliza sentensi hii bila kusitasita: "Naomba likizo ya ____, yenye malipo / bila malipo, kwa mujibu wa kifungu cha ____ cha kanuni za wafanyakazi." Usipokipata kifungu acha sehemu hiyo wazi, usibuni.

## Hatua ya 2: Futa maneno ya hatari

Haya yote tunayatumia tukiongea na hayana shida mdomoni. Yakiingia kwenye karatasi yenye sahihi yako ndo yanaanza kukugeuka.

"Kuacha kazi kwa muda." Hakuna kitu hicho ofisini. Kuna kuacha na kuna kwenda likizo. Atakayesoma atashika neno la kwanza na "kwa muda" italeta ugomvi baadaye.

"Kusimama kazi." Kusimamishwa kazi ni adhabu. Mtu akifungua faili lako miaka mitano baadaye akakuta "alisimama kazi miezi sita" ataanza kuuliza ulifanya kosa gani.

"Kupumzika" peke yake. Sote tunajua aliyepumzishwa kazini ni nani. Sema likizo.

"Nitarudi hali ikiruhusu", "mambo yakikaa sawa", "Mungu akipenda". Kwa mdomo sema, tena ni adabu. Ila kwenye barua yanageuka kuwa sharti, yaani kurudi kwako kumewekewa "kama", na mwajiri akitaka kuajiri mtu mwingine kwenye nafasi yako hapo ndo anapitia.

"Muda usiojulikana." Hata kama kweli hujui mgonjwa wako atapona lini, omba muda wenye mwisho halafu uombe nyongeza. Nafasi isiyo na tarehe ya kurudi inaweza kuhesabika kuwa wazi.

"Nashukuru kwa kipindi chote tulichofanya kazi pamoja." Hii inaandikwa na watu wastaarabu sana na ndo inayoongoza kwa kuwaharibia. Ni sentensi ya kuaga! Shukuru kwa kusikilizwa ombi lako, basi.

*Umefaulu kama* ukimpa mtu asiyejua habari zako asome barua yako mara moja tu, ukamuuliza "huyu anarudi lini?", anakutajia tarehe bila kuangalia tena.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya tarehe mpaka ikubali

"Miezi mitatu", "siku 90" na "wiki 13" watu wanadhani ni kitu kimoja. Chukua kalenda ya 2026 tuone.

Tuseme unaanza Jumanne tarehe 1 Septemba 2026. Miezi mitatu kamili inaishia Jumatatu tarehe 30 Novemba, hizo ni siku 91 za kalenda, unaripoti Jumanne tarehe 1 Desemba. Lakini kama uliandika "siku 90" basi zimeisha Jumapili tarehe 29 Novemba na HR anakutegemea Jumatatu asubuhi wewe bado uko kwa shangazi unakunywa chai. Siku moja ya utoro tayari, na ushahidi ni barua yako mwenyewe.

Inakuwa vibaya zaidi kama ofisi yenu inahesabu siku za kazi. Siku 90 za kazi kwa wanaofanya Jumatatu mpaka Ijumaa ni wiki 18, zaidi ya miezi minne, na zikikatwa kwenye salio lako la likizo ya mwaka utajikuta unadaiwa. Kile kipindi cha Septemba mpaka Novemba kina siku za kazi 65 tu kabla hujatoa sikukuu.

Kwa hiyo andika vitu vitatu kila mara: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho ya likizo, na tarehe ya kuripoti kazini pamoja na jina la siku. Idadi ya siku ukiitaja sema za kalenda au za kazi.

Tahadhari: usitumie "hadi tarehe 30" peke yake, kuna anayesoma kwamba tarehe 30 unakuwa ofisini na kuna anayesoma bado uko nje.

## Hatua ya 4: Ongea na bosi kabla karatasi haijamfikia

Barua ya likizo ndefu isiwe habari mpya kwa bosi wako wa karibu, kwa sababu HR watakachofanya cha kwanza ni kumuuliza yeye, na mtu aliyeshtukizwa jibu lake la kwanza ni hapana, hata angekuwa mpole vipi.

Omba muda, usimkamate koridoni. Kitu kama:

"Bosi, naomba dakika kumi leo au kesho, kuna jambo la kupanga mapema."

Ukishakaa naye:

"Nataka kuomba likizo bila malipo ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Septemba, nimuuguze mama. Tarehe 1 Desemba nitakuwa hapa. Ripoti za mwezi nimeongea na mwenzangu wa dawati la pili, yuko tayari kunishikia. Kabla sijaandika rasmi nilitaka nikusikie, kuna kipindi ambacho kitakuumiza zaidi?"

Angalia mpangilio: jina la likizo, kuanza, sababu kwa maneno mawili, kurudi, nani anashika, halafu swali. Swali la mwisho ndo lenye kazi, kwa sababu linamtoa kwenye kuamua ndiyo au hapana linampeleka kwenye kuamua lini. Stori ndefu ya ugonjwa wa mama mwachie aulize mwenyewe.

Akisema "poa, nenda tu" usiende. Siku hiyohiyo mtumie imeili fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyoongea, nitawasilisha ombi la likizo bila malipo kuanzia..." Bosi anaweza kuhamishwa kesho na ahadi yake akaondoka nayo.

## Hatua ya 5: Andika barua

Kwanza kitenzi. Likizo ambayo ni haki yako kisheria, kama ya uzazi, unajulisha: "Napenda kukujulisha kwamba nitaanza likizo yangu ya uzazi tarehe..." Likizo ya hiari ya mwajiri unaomba. Ukiomba kilicho haki yako unampa mtu nafasi ya kukataa, na ukijulisha kilicho hisani unaonekana mjeuri.

Pili, ile "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" tuiache jamani. Haina inachosema, inakula mstari wa kwanza ambao ndo unaosomwa.

Mfano, nakili ubadilishe:

*Yah: Ombi la likizo bila malipo, tarehe 1 Septemba hadi tarehe 30 Novemba 2026*

*Naomba likizo bila malipo ya miezi mitatu (siku 91 za kalenda) ili kumuuguza mzazi wangu. Likizo itaanza Jumanne tarehe 1 Septemba 2026 na siku yake ya mwisho itakuwa Jumatatu tarehe 30 Novemba 2026. Nitaripoti kazini Jumanne tarehe 1 Desemba 2026 katika nafasi yangu ya sasa.*

*Mkuu wangu wa idara ana taarifa. Majukumu yangu yatashikwa na mwenzangu wa idara, ambaye amekubali, na makabidhiano yatakamilika kabla ya tarehe 28 Agosti.*

*Naomba barua ya idhini ieleze pia yafuatayo kwa kipindi hicho: (a) bima yangu ya afya, (b) michango ya pensheni, (c) makato ya mkopo wangu, na (d) kama muda huo utahesabiwa katika utumishi wangu.*

*Nimeambatanisha cheti cha hospitali. Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Julai ili nipate muda wa kujipanga.*

Sababu za vipande viwili ambavyo watu huvikata wakiona barua ni ndefu:

"Katika nafasi yangu ya sasa." Bila hayo maneno unaweza kurudi ukapewa meza nyingine na cheo kingine, na ukilalamika unaambiwa kazi si unayo? Hata wakikataa kuyaweka angalau umejua mapema.

Zile (a) mpaka (d). Kukaa bila malipo maana yake hakuna mshahara wa kukata, kwa hiyo mkopo unakaa bila kulipwa na bima inaweza kufungwa mwezi wa kwanza tu, tena kipindi ambacho una mgonjwa ndani. Na kama muda hauhesabiwi kwenye utumishi inagusa kupanda daraja, kiinua mgongo, na hata siku za likizo ya mwaka ujao. Haya yote yanajadilika ukiwa bado ofisini, ukishaondoka hakuna wa kukupokelea simu.

Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kama ni kwenye mfumo wa kompyuta, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe.

## Hatua ya 6: Soma jibu kwa macho ya mwanasheria

Jibu likija usikimbilie kwenye neno la furaha. Lugha ya ofisi ina ngazi zake:

"Ombi lako limepokelewa" ni muhuri tu, hakuna aliyeamua.

"Linafanyiwa kazi" ni hivyohivyo, baki kazini.

"Tutaona" kwa mdomo, hesabu ni hapana mpaka karatasi itoke.

"Hatuna pingamizi" ni ndiyo, ila kama aliyeandika ni mkuu wa idara na mwenye mamlaka ni mkurugenzi basi bado hujafika.

"Limeidhinishwa" au "umekubaliwa", hapo sawa, sasa linganisha tarehe moja moja na zako.

Halafu kuna mkia: "kwa kuzingatia mahitaji ya kazi". Maana yake wanaweza kukurudisha katikati. Ukiuona uliza kwa maandishi wakikuita watakupa taarifa ya siku ngapi, na nauli ni ya nani.

Wakikataa, usijibu siku hiyo. Kisha uliza kitu kimoja: "Je, ni muda, ni tarehe, au ni aina ya likizo ndiyo kikwazo?" Mara nyingi ni tarehe. Unaweza kuvunja miezi mitatu ikawa wiki tatu za likizo ya mwaka yenye malipo na iliyobaki bila malipo, au ukaomba kufanya kazi nusu siku. Kama kilichokataliwa ni haki ya kisheria, hapo ni chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, sio kubembelezana.

*Umefaulu kama* una karatasi moja yenye aina ya likizo, tarehe zote tatu, hali ya malipo, na sahihi ya mwenye mamlaka. Kimoja kikikosekana, rudisha kwa adabu uombe kiongezwe.

## Hatua ya 7: Makabidhiano na ujumbe wa kuacha nyuma

Makabidhiano yawe kwa maandishi, kazi zilizoisha, zinazoendelea, zenye tarehe ya mwisho, funguo na nywila kupitia njia ya ofisi. Wote wawili wekeni sahihi. Pesa au vifaa vikipotea ukiwa nje karatasi hiyo ndo itakuongelea.

Anayeshika akiitwa kaimu ana madaraka na pengine posho, akiitwa msaidizi hana. Usimpe mwenzio cheo kwenye imeili yako.

Ujumbe wa kujibu imeili wenyewe ufupishe: "Niko likizo kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 30 Novemba 2026. Kwa masuala ya ripoti wasiliana na dawati la takwimu. Nitarudi ofisini tarehe 1 Desemba." Usiandike "sipo kazini tena kwa sasa", wateja watakutangaza umefukuzwa. Na ile "kwa dharura nipigie" ukiiweka tu, kila kitu kitakuwa dharura.

## Hatua ya 8: Kuongeza muda na kuripoti

Ukiona muda hautoshi, ombi la nyongeza ya likizo liende likizo ya kwanza ikiwa bado hai, wiki tatu au nne kabla ni salama. Litaje barua ya idhini ya mwanzo kwa namba yake ya kumbukumbu na tarehe mpya tatu. Ukituma siku moja baada ya muda kuisha hiyo sio nyongeza tena, ni maelezo ya mtoro.

Siku ya kurudi usiishie kukaa kwenye kiti chako na kusalimia watu. Andika mistari miwili, "Ninaripoti kazini leo tarehe 1 Desemba 2026 baada ya kumaliza likizo bila malipo iliyoidhinishwa kwa barua yenu ya tarehe fulani", ipeleke HR na nakala kwa wanaoshughulikia mishahara. Bila barua hiyo jina lako linaweza kubaki kwenye orodha ya wasiolipwa, na tarehe ya mshahara ikifika ndo unaanza kuzunguka milango.